Hiari Yashinda Utumwa, Lakini Ahadi Ni Deni

Zipo methali mbili ambazo kila mwalimu wa shule ya msingi amepata kuziandika ubaoni. Ya kwanza yasema hiari yashinda utumwa. Ya pili yasema ahadi ni deni. Kwa miaka mingi watoto wetu wamezikariri zote mbili kwa sauti moja, na ni mara chache sana mtoto ameinua mkono kuuliza kama methali hizi hazigombani. Maana ikiwa kazi naifanya kwa hiari yangu, bila kulipwa wala kuamriwa na mtu, mbona naambiwa nina deni? Na ikiwa nina deni, hiari yangu imekwenda wapi?

Swali hili si mchezo wa maneno. Kila mmoja wetu amepata kuandika jina lake kwenye orodha ya kazi fulani, kisha siku ilipofika akaamka hana hamu nayo. Napenda tulitazame swali hili kwa mfano mmoja wa kutoka Uingereza, yaani mbio za kila Jumamosi zinazoendeshwa na watu wasiolipwa hata senti moja, na hasa mambo yanayotokea siku ya joto kali. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu ni mdogo. Katika mambo makubwa, kama vile moto au mafuriko, wajibu huonekana wazi na anayeukimbia huaibika. Ni katika mambo madogo ndipo mtu hupata mahali pa kujificha.

MBIO ZENYEWE

Mbio hizi huitwa parkrun. Zilianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika Bushy Park, bustani kubwa ya kifalme iliyo upande wa kusini-magharibi wa London. Mwanzilishi wake ni Bwana Paul Sinton-Hewitt, mtu aliyekulia Afrika ya Kusini. Wakati ule alikuwa ameumia, hawezi kukimbia, naye hakutaka kupotezana na rafiki zake wa mbio. Basi akawaalika waje wakimbie kilometa 5, naye asimame na saa mkononi awapimie muda. Siku hiyo ya kwanza walikimbia watu 13. Katika siku zile za mwanzo hawakuwa na vifaa vya maana. Ili kujua nani ametangulia nani, walitumia washa za chuma, zile ziwekwazo chini ya nati, zilizogongwa namba.

Yafaa msomaji atie maanani jambo hilo. Aliyeanzisha mbio hizi hakukimbia. Kazi yote ilianza na mtu aliyesimama mahali pamoja ili wengine wapate kupita.

Tangu hapo mbio hizi zimeenea katika nchi zaidi ya 20. Afrika ya Kusini zilifika mwaka 2011 kwa juhudi za Bwana Bruce Fordyce, aliyepata kushinda mbio ndefu za Comrades mara 9. Hakuna kiingilio. Mtu hujiandikisha mara moja tu, akapata kadi yenye mistari ya kusomwa na mashine, na kadi hiyo humtosha maisha. Anayetaka kukimbia hukimbia, anayetaka kutembea hutembea. Tangu mwaka 2018 chama cha madaktari wa familia wa Uingereza kimeshirikiana na waandaaji ili zahanati ziwaelekeze wagonjwa wao huko. Kwa hiyo Jumamosi saa 3 asubuhi utawakuta pamoja kijana mwenye mbio za swala, mama anayesukuma kigari cha mtoto, mtu mwenye kisukari aliyeshauriwa na daktari atembee, na mjane ambaye daktari hakumwambia kitu, ila nyumba imekuwa kimya mno.

Watu hao wote hawawezi kupita salama pasipo wengine kusimama. Yupo mkuu wa mbio wa siku hiyo. Wapo wapimaji wa muda, wagawaji wa namba mwishoni, wasomaji wa kadi, na waelekezaji wanaosimama kwenye kona na penye hatari wakiwa wamevaa vizibao vya rangi ya kung'aa. Halafu yuko mmoja ambaye kazi yake ilinigusa kuliko zote. Huyu hutembea nyuma ya watu wote, na ni sharti yeye ndiye awe wa mwisho kufika. Shuleni kwetu anayekuwa wa mwisho darasani huambiwa ameshika mkia, na neno hilo limewaliza watoto wengi. Kule wamemweka mtu mzima ashike mkia kwa hiari, ili asiwepo mwingine yeyote wa kuushika.

SIKU YA JOTO

Mwezi wa Septemba mwaka 2023 nilikuwa kusini mwa Uingereza kumtembelea binti yetu, ambaye ni muuguzi huko. Juma lile lilikuwa na joto lisilo la kawaida kwao. Kwa siku 7 mfululizo, tangu tarehe 4 hadi tarehe 10, kila siku joto lilipita digrii 30 mahali fulani katika nchi ile, jambo ambalo lilikuwa halijapata kuonekana huko ndani ya mwezi huo.

Najua msomaji wa Tanga au Muheza atatabasamu. Digrii 30 kwetu ni siku ya kuanika mpunga. Lakini mwili wa binadamu huzoea joto polepole, na huchukua juma moja hata mawili kabla haujajua kutoa jasho mapema na kwa wingi unaotakiwa. Tena mtu anapokimbia, sehemu kubwa ya nguvu anayoitumia hugeuka kuwa joto ndani ya misuli. Joto hilo halina budi kutoka, na njia yake kuu ni jasho kukauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho hutiririka bila kukauka, na mwili haupoi. Joto la mwili ambalo kawaida yake ni digrii 37 likipanda kupita 40, mtu huanza kupepesuka na kusema maneno yasiyopangika. Hapo si uchovu tena, ni hatari ya kufa, na hana budi kupozwa kwa maji baridi upesi huku msaada ukiitwa.

Jambo la pili ni hili, nalo ndilo lenye maana kwetu. Jua halimpigi mwenye mbio na mzito kwa kipimo kimoja. Kijana mwenye kasi humaliza kilometa 5 kwa dakika 17 au 18 akaenda kivulini. Mtu mzito, mgonjwa au mzee hukaa juani saa nzima na zaidi. Na mwelekezaji aliyesimama kwenye kona hukaa juani tangu kabla ya mbio kuanza mpaka mtu wa mwisho amepita. Wazee nao, kama waganga wanavyotueleza, hawasikii kiu haraka kama vijana, hata wakati mwili umekwisha pungukiwa maji. Basi siku ya joto wanaoumia zaidi ni wa mwisho, pamoja na wale wanaowangoja.

Jumamosi tarehe 9 binti yetu alikuwa na zamu ya kusoma kadi, nami nikafuatana naye. Wasaidizi watano walioandikwa katika orodha hawakufika. Wawili walikuwa wamepeleka habari usiku wake, mmoja akiwa na mtoto mgonjwa, mwingine mwenyewe ana maradhi ya moyo na ameogopa joto. Watatu hawakusema neno. Moja ya nafasi zao ilikuwa kona ambapo njia ya mbio hukata barabara ya magari yaingiayo bustanini. Haikuwa na kivuli hata cha fito. Mkuu wa mbio alitazama orodha yake, akatazama saa, na mama mmoja mwenye umri wa miaka 70 hivi, aliyekuwa amepangiwa kona nzuri chini ya miti, akasema, "Nitakwenda mimi." Akavaa kofia yake, akaenda.

Alisimama pale dakika zipatazo 40. Mimi nilimpelekea maji mara mbili. Baadaye kijana mmoja, aliyekuwa amekwisha maliza kukimbia na kunywa maji yake, alirudi njia nzima kwa miguu, akamwomba kile kizibao, akamwambia akapumzike. Kijana huyo hakuwa na zamu yoyote. Ndiye aliyekuwapo kwenye kona ile alipopita mtu wa mwisho, bwana mmoja mnene mwenye fimbo, akitembea taratibu sana, na pembeni yake yule mshika mkia wakizungumza habari za mbwa.

MADAI YA ASIYEFIKA

Mmoja wa wale watatu alikuwa kijana anayefanya kazi mahali pamoja na binti yetu. Alipoulizwa baadaye hakukasirika, wala hakubuni uongo. Alisema kwamba alifungua dirisha asubuhi, akaliona jua, akajua hataifurahia kazi ile. Na kwa kuwa ni kazi ya hiari, akarudi kulala. Kisha akaongeza kwamba hakuna aliyedhurika.

Nimemfikiria sana kijana huyo, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kweli na hoja zake si za kijinga. Ziko tatu, nazo ndizo tunazozisikia hata huku kwetu. Ya kwanza: silipwi. Ya pili: ningeweza kukataa tangu mwanzo, basi naweza kukataa hata mwisho. Ya tatu: hakuna baya lililotokea.

Tuanze na hoja ya pili, maana ndiyo mzizi. Ni kweli kwamba angeweza kukataa mwanzo. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumlazimisha. Lakini kati ya mwanzo na mwisho limetokea jambo. Mkuu wa mbio aliliona jina lake kwenye orodha, akaacha kutafuta mtu mwingine. Tuchukue mfano wa ngazi. Unataka kupanda juu ya paa, unamwomba jirani akushikie ngazi. Kabla hujapanda, jirani yuko huru kabisa kusema ana shughuli zake, nawe huwezi kumlaumu. Lakini akiisha kukubali, nawe ukapanda hata ukafika juu, hayuko huru tena kuiachia ngazi na kwenda zake, ati kwa sababu hukumlipa. Uhuru wake haukunyang'anywa na mtu. Aliutumia. Aliutumia pale aliposema ndiyo.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alitenga wajibu za namna mbili. Uko wajibu mpana, kama ule wa kuwasaidia wenzetu, ambao humwachia mtu nafasi ya kuchagua amsaidie nani, lini, na kwa kiasi gani. Na uko wajibu wa lazima, kama ule wa kutimiza ahadi, ambao haungojei moyo upende. Nadhani methali zetu mbili zinasema jambo hilohilo kwa maneno machache zaidi. Kusaidia kwenye mbio za Jumamosi ni katika wajibu ule mpana. Waweza ukachagua kufundisha watoto kusoma badala yake, au kumtazama mgonjwa. Ila ukiisha kuandika jina, kazi imehama kutoka fungu la kwanza kwenda la pili. Kwa hiyo methali hazigombani. Hiari ni mlango wa kuingilia. Haikuwekwa iwe dirisha la kutorokea.

JE, FEDHA INGESAIDIA?

Hoja ya "silipwi" yataka jibu la peke yake, kwa sababu watu wengine wataona dawa yake ni rahisi: basi walipwe, au wasiofika watozwe faini. Mimi nadhani dawa hiyo ingeua mgonjwa.

Mwaka 2000 wachumi wawili, Gneezy na Rustichini, walitoa habari ya uchunguzi walioufanya katika shule za watoto wadogo huko Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao, na walimu walilazimika kungoja. Katika baadhi ya shule wakaweka faini kwa kila mzazi anayechelewa. Tungetarajia wachelewaji wapungue. Wakaongezeka. Mzazi ambaye zamani alikimbia kwa kuona haya mbele ya mwalimu, sasa aliona amenunua muda, na mtu haoni haya kwa kitu alichokinunua. Hata faini ilipoondolewa, wachelewaji hawakurudi kama mwanzo. Haya iliyokuwa ikiwahimiza, ikiisha kuuzwa, haikurejea.

Katika mbio hizi zenyewe jambo linalofanana na hilo lilipata kutokea. Mwezi wa Aprili mwaka 2016 baraza la wenyeji wa Stoke Gifford, karibu na Bristol, lilipiga kura kwamba wakimbiaji wa bustani ya Little Stoke wachangie fedha za kutunza njia. Baraza lilikuwa na hoja, kwa kuwa njia huchakaa na matengenezo hugharimu. Lakini waandaaji walikataa, na mbio za pale zikakoma. Wengine waliwaona kuwa wakaidi. Mimi nauona ukweli katika kukataa kwao. Anayelipa huwa mteja, na mteja hana sababu ya kurudi kwa miguu kilometa 2 kumpokea bibi kizazi cha mama yake kizibao cha kuelekezea watu. Yule kijana wa siku ya joto alirudi kwa sababu alijua amepitishwa na mikono ya watu ambao hawakumdai kitu.

Ushahidi mwingine ni wa mahali tusipopatazamia. Mwezi wa Novemba mwaka 2017 mbio hizi zilianzishwa ndani ya gereza la Haverigg, katika wilaya ya Cumbria, likiwa gereza la kwanza kufanya hivyo, na mengine yakafuata. Wafungwa hukimbia, na wafungwa husimama kuelekeza na kupima muda. Katika nyumba ambamo mtu huamriwa saa ya kuamka na saa ya kula, hapo amewekewa kazi moja asiyoamriwa. Anaweza kuikataa. Akisema ndiyo, neno lake linategemewa, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Hapo ndipo nilipoielewa upya ile methali ya kwanza. Hiari yashinda utumwa si kwa sababu ya urahisi wake, bali kwa sababu neno la mtu huru lina uzito wa kuegemewa, na la mtumwa halikupewa nafasi hiyo.

Kuhusu hoja ya tatu, kwamba hakuna baya lililotokea, sitasema mengi. Hakuna gari lililomgonga mtu kwa sababu mama wa miaka 70 alisimama kwenye jua. Aliyebaki kitandani hana haki ya kujihesabia usalama ulionunuliwa kwa jasho la mwingine.

MPAKA WA AHADI

Hata hivyo lazima tuseme upande wa pili, maana mafundisho ya wajibu yasiyokuwa na mpaka yamewaumiza watu. Je, ahadi yamdai mtu asimame juani hata aanguke? La hasha.

Wazee wenzangu huenda wakakumbuka habari ya Mwingereza Jim Peters, aliyekuwa mkimbiaji bora wa marathoni katika siku zake. Tarehe 7 Agosti 1954, huko Vancouver, Kanada, katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola, aliingia uwanjani siku ya joto kali akiwa amewaacha wenzake kwa zaidi ya dakika 15. Lakini mwili ulikuwa umekwisha kushindwa. Alianguka, akainuka, akaanguka tena mara nyingi mbele ya umati, wala hakumaliza. Hakushiriki mbio za ushindani tena. Ushujaa wake ulisifiwa, lakini kilichoonekana pale uwanjani kilikuwa ni mtu aliyepita mpaka wa mwili bila kuwapo mtu wa kumwambia basi.

Kwa sababu hiyo yule mwenye maradhi ya moyo aliyepeleka habari usiku hakuvunja ahadi. Aliitimiza kwa namna iliyowezekana. Alitoa neno mapema, mkuu wa mbio akapata saa kadhaa za kutafuta mwingine. Deni hulipwa au husamehewa, na kusamehewa huombwa kabla ya siku ya malipo, si baada ya mwenye kudai kukuta mlango umefungwa. Hapo ndipo penye tofauti kati ya wale wawili na wale watatu. Wote watano hawakufika, na jua lilikuwa moja. Wawili walisema "siwezi" na mtu akasikia. Watatu walisema "sipendi", na walijiambia wenyewe tu.

Vivyo hivyo mkuu wa mbio anao wajibu wa kuahirisha ikiwa joto limezidi. Wapo watakaonung'unika kwamba wametoka mbali. Lakini ahadi aliyowapa haikuwa mbio tu. Aliwaahidi kuwatunza, na mbio ni sehemu ya utunzaji huo. Mwenye mamlaka ndogo hujulikana siku anapolazimika kusema hapana kwa watu wanaompenda.

HABARI YA MTU WA MWISHO

Limebaki swali moja, nalo ni la yule bwana mnene mwenye fimbo. Alipofika mwisho, akipumua kwa shida na uso umemwiva, neno lake la kwanza kwa binti yetu alipomsomea kadi lilikuwa la kuomba radhi kwa kuwachelewesha watu juani. Binti yetu alimjibu kwamba wasingekuwa na haja ya kuja kama watu wote wangekuwa na kasi.

Je, alikosa kuja siku ile? Wapo watakaosema kwamba mtu anayejijua ni mzito angebaki nyumbani, asiwatese wazee kwenye kona. Mawazo hayo yana sura ya upole, lakini tuyafuate mpaka mwisho wake. Kama wa mwisho akibaki nyumbani, aliye mbele yake huwa wa mwisho, naye ataona haya abaki. Tukiendelea hivyo watabaki wale vijana wa dakika 17, ambao hawahitaji mwelekezaji wala mpima muda, wala daktari hakuwatuma. Mbio zitakuwa nyepesi sana kuziendesha, na hazitakuwa na maana ya kuwapo. Kwa wale wenye kasi kazi ya hiari ni fadhila. Kwa wa mwisho ndiyo iliyomwezesha kutoka nyumbani. Basi ahadi ya msaidizi, ingawa huandikwa kwa mkuu wa mbio, kwa kweli imewekwa kwa mtu wa mwisho, ambaye msaidizi hata hamjui jina.

Sisi Watanzania tunapaswa kulielewa jambo hili upesi. Tunamkumbuka John Stephen Akhwari katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, aliyeanguka na kuumia goti, kisha akafika wa 57, wa mwisho miongoni mwa waliomaliza, washindi wakiwa wamekwisha pewa nishani zao. Tumemsifu, na alistahili. Lakini tumesahau kuwasifu watu waliokuwa bado uwanjani giza likiingia. Kama wote wangekuwa wamekwisha kwenda zao kwa kuwa mshindi amepatikana, habari yake isingetufikia sisi.

KWETU NYUMBANI

Hatuna mbio hizo hapa kwetu, lakini orodha za majina tunazo. Tunazo za msaragambo wa kuchimba mfereji, za kukesha na wafiwa, za kufundisha watu wazima kusoma jioni, za kupika kwenye shughuli ya jirani. Kila orodha ina majina ambayo mwenye kuiandika huyatazama asubuhi na moyo wake ukamdunda. Na kila mahali yupo mama mmoja mwenye kofia ambaye husema, "Nitakwenda mimi." Tunamwita mwenye moyo, tunamsifu katika mikutano, na mara nyingi hatutambui kwamba nusu ya moyo wake huo umetumika kulipa madeni yetu sisi.

Kwa hiyo ningeomba mambo machache, tena ya kawaida kabisa. Usipotaka kazi, sema hutaki siku ile orodha inapopita. Hapo uko huru na hakuna wa kukulaumu. Ukiandika jina, andika ukijua huenda siku hiyo kukawa na jua au mvua. Ukishindwa kwa sababu ya haki, peleka habari mapema, na ukiweza mtafute wa kushika nafasi yako. Na ukiwa mmoja wa waliotangulia kufika kivulini, kunywa maji yako, kisha tazama nyuma uone kona ipi bado imesimamiwa na mtu mzee.